Damu isiyokata, damu iliyoganda mguuni: jinsi ya kumtumia bingwa wa damu ukiwa Dar

Watu wazima wengi wanaofika kwa daktari bingwa wa magonjwa ya damu hapa Dar hawakuanzia kwake. Mmoja alianzia kwa daktari wa meno: jino liling'olewa saa nne asubuhi, saa nne usiku bado anatema damu. Mwingine ametibiwa upungufu wa damu miaka nenda rudi, anapewa vidonge vya madini chuma, na hakuna aliyemuuliza hedhi yake ikoje. Wa tatu mguu ulivimba, nyumbani wakauchua kwa mafuta ya nazi, siku ya tatu pumzi zikaanza kumbana.

Wote huja na bahasha ya majibu ya maabara tatu au nne. Kinachokosekana ndani yake ni kile bingwa anachokitafuta kwanza: historia iliyonyooka, yenye tarehe. Mimi niko maabara, upande wa damu, na vipimo ndivyo vinavyonilipia kodi ya nyumba. Hata hivyo nasema wazi: aliyekuja na daftari lililoandikwa vizuri hupata jibu kwa vipimo vichache na hela kidogo kuliko aliyekuja na bahasha nene.

Hatua ya 1: Jua uko upande gani

Mshipa ukikatika, mwili hufanya kazi kama fundi anayekalafati jahazi: kwanza hupenyeza pamba kwenye ufa, kisha hupaka shahamu pamba isitoke. Pamba hapa ni chembe sahani, zinazokimbilia kwenye jeraha na kushikana. Shahamu ni nyuzi za faibrini, zinazotokana na protini za kugandisha ambazo huamshana moja baada ya nyingine. Wagonjwa wenyewe huziita fakta na huzitaja kwa namba: fakta 8, fakta 9. Chembe sahani zikiwa chache au fakta ikipungua, damu haikati. Kazi hiyo hiyo ikianza mahali pasipo na ufa, bonge hukaa ndani ya mshipa na kuziba njia.

Namna damu inavyotoka humpa bingwa fununu kabla hajashika sindano. Damu ya puani, ya fizi, hedhi nzito, na vidoa vyekundu vidogo kama vya kalamu miguuni huelekeza kwenye chembe sahani au ugonjwa wa von Willebrand (kasoro ya protini inayosaidia chembe sahani kushikana). Damu inayovilia ndani ya goti, kiwiko au misuli, au jeraha lililokata kisha likaanza upya saa kadhaa baadaye, huelekeza kwenye fakta.

Upande wa kuganda, alama kubwa ni mguu mmoja kuvimba ndani ya siku chache, hasa kwenye shavu la mguu, ukiwa na joto na maumivu. Ukanda wetu wa pwani una matende, na watu huchanganya. Matende hujijenga kwa miezi na miaka. Bonge la damu huja kwa siku. Mguu uliovimba ghafla usichuliwe na usikandwe mpaka upigwe utrasaundi.

Kuna hali ambazo hazisubiri kliniki wala rufaa. Nenda idara ya dharura ya hospitali kubwa iliyo karibu ukiona mojawapo ya hizi: kifua kubana na pumzi kuwa fupi ghafla, kukohoa damu, kichwa kugongwa kwa mtu mwenye hemofilia (upungufu wa fakta 8 au 9) au anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda (hata kama anajisikia mzima), kinyesi cheusi kama lami, hedhi inayolowanisha pedi kila saa huku unaona kizunguzungu, uso au mkono kupooza upande mmoja.

Hatua ya 2: Andika historia kabla ya kupanga foleni

Hapa ndipo pa kutumia muda. Chukua daftari, kaa na mama yako au shangazi ambaye hasahau, uandike.

Anza utotoni. Ulipotahiriwa, damu ilikata siku hiyo hiyo au ulirudishwa hospitali? Wanaume wengi wenye hemofilia ya wastani walitoa ishara ya kwanza jandoni, na familia ikasema ngariba alikata vibaya. Meno yalipong'oka? Uliposhonwa jeraha? Damu ya pua ilidumu zaidi ya dakika 10, na ilikuwa tundu moja au yote mawili? Uliwahi kuongezewa damu, na kwa nini? Kila tukio liandikie mwaka, hata wa kukadiria, na nini kilifanya damu ikome: ilikata yenyewe, walishona, walikuchoma sindano, au walikuongezea chupa.

Wanawake wana sehemu yao ya pekee, na hapa ndipo ninapoona mambo mengi yakipotea. Mazungumzo ya chumba cha daktari mara nyingi huenda hivi:

"Hedhi yako ni nyingi, dada?"

"Ya kawaida tu, daktari."

"Siku ya pili unabadilisha pedi mara ngapi?"

"Kila saa hivi. Usiku naweka mbili na natandika kanga chini."

"Na ndugu zako?"

"Wote tuko hivyo. Hata mama mdogo."

Katika nyumba ambayo wanawake wote wanatandika kanga chini, hakuna wa kumwambia binti kwamba hali hiyo inatibika. Hesabu mizunguko miwili: siku ngapi, pedi ngapi kwa siku, kama zililowa kabisa, kama kulikuwa na mabonge makubwa kuliko sarafu. Hedhi inayopita siku 7, au pedi inayolowa ndani ya saa moja hadi mbili, ni sababu ya kutosha ya kuchunguzwa.

Aliye upande wa kuganda aandike kilichotangulia ndani ya miezi mitatu: upasuaji, kufungwa plasta gumu, kulazwa, kujifungua, safari ndefu, vidonge vya majira, saratani, kifua kikuu, VVU, selimundu. Ataje pia mimba zilizoharibika, hasa zaidi ya moja, kwa sababu kuna ugonjwa wa kingamwili (protini za kinga ya mwili, hapa zikimgeukia mwenyewe) unaounganisha mimba kuharibika na damu kuganda.

Kisha dawa. Usitaje tu, beba zenyewe kwenye mfuko: za hospitali, za duka la dawa, na chupa ya mganga bila aibu. Diclofenac, ibuprofen na aspirini hudhoofisha chembe sahani, nazo hununuliwa hapa mtaani kama pipi. Kitunguu saumu, tangawizi na ndimu vilivyosagwa kwa ajili ya "kuzibua mishipa" navyo viandikwe, maana hakuna anayejua dozi ya kijiko cha jirani. Kama umepigwa chuku au kuchanjwa chale, sema ilikuwa lini na damu ilitokaje.

Mwisho, mti wa ukoo. Chora wajomba, babu mzaa mama, watoto wa kiume wa mama wakubwa na wadogo. Hemofilia husafiri kwa upande wa mama na kuwakamata zaidi wanaume. Mjomba aliyefariki "kwa kutokwa damu" akiwa mdogo ni habari kubwa. Kutokuwa naye hakukuondolei shaka, kwani karibu theluthi moja ya wenye hemofilia hawana mwenzao kwenye ukoo.

Hatua ya 3: Fika, na ufike kwa njia isiyokula hela

Njia ya kawaida ni zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, ambazo hapa jijini ni Amana, Temeke na Mwananyamala, halafu Muhimbili, yenye mabingwa wa damu na kliniki ya hemofilia. Hospitali kubwa za binafsi nazo huwa na mabingwa wa damu kwa siku maalum, kwa hiyo piga simu kwanza. Wenye valvu bandia za moyo wengi hufuatiliwa na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyo ndani ya eneo hilo hilo la Muhimbili, Upanga.

Ukiwa na bima, uliza kabla kama kipimo au dawa imo kwenye kitita chako. Ukiwa huna, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ndiyo mlango. Nenda huko mapema, si siku ya kudaiwa.

Nakusihi usizunguke maabara za mjini kununua "vipimo vyote vya damu" kabla ya kumwona daktari. Sababu ziko hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Vipimo, na jinsi vinavyoharibika njiani

Vya kwanza ni vichache: picha kamili ya damu (wengi huiita FBP), kuangalia damu kwa hadubini, na vipimo viwili vya muda wa kuganda, PT na aPTT. PT ndiyo inayozaa namba ya INR, inayoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani. Huongezwa vipimo vya ini na figo, VVU, homa ya ini B na C, na akiba ya madini chuma kwa mwenye hedhi nzito.

Sasa niongee kama mtu wa maabara. Damu ya vipimo vya kuganda huingia kwenye chupa ya kifuniko cha bluu, yenye dawa ya sitreti kwa uwiano wa sehemu 1 kwa 9 za damu. Kwenye chupa hiyo kuna mstari. Damu isipofika mstarini, dawa inazidi, muda wa kuganda unaonekana mrefu, na mtu mzima anageuka mgonjwa kwenye karatasi. Ikishajaa, hugeuzwa taratibu mara tatu au nne, haitikiswi. Kisha saa inaanza kwenda: aPTT na kipimo cha fakta 8 vinatakiwa vifanyike ndani ya saa 4 hivi. Sasa fikiria chupa iliyochukuliwa Mbagala saa mbili asubuhi, ikakaa kwenye mkoba wa bodaboda juani, ikakwama foleni Kilwa Road, ikafika mjini saa nane mchana. Fakta 8 itakuwa imeshuka yenyewe, na atakayelaumiwa ni damu yako. Tolewa damu katika jengo lile lile inakopimwa. Una haki ya kumwambia anayekutoa, kwa adabu, "Ndugu yangu, naomba ifike kwenye mstari."

Jingine linalotisha watu bure: picha ya damu inatoka na chembe sahani 40, wakati kawaida ni 150 hadi 450 (kwa maelfu katika kila mikrolita). Mtu hana kidoa wala damu ya fizi. Kuna watu ambao chembe sahani zao hushikana vifundo zikikutana na dawa iliyo kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, na mashine hukihesabu kifundo kama kitu kimoja. Kuangalia kwa hadubini hufichua hilo, na kipimo hurudiwa kwenye chupa ya bluu. Omba hadubini kabla hujaanza dawa yoyote.

Zimeshuka kweli? Dar hapa bingwa huuliza kuhusu homa kwanza. Malaria hushusha chembe sahani, na dengue, iliyolipuka jijini 2014 na tena 2019, huzishusha sana. Ndiyo maana homa isiyojulikana hutulizwa kwa paracetamol, si diclofenac. Ini lililochoka kwa homa ya ini B, pombe au kichocho cha tumbo nalo hupunguza fakta, huku bandama lililokua likizizuia chembe sahani. Mkojo wenye damu kwa mtu wa pwani huchunguzwa kichocho kabla ya kusingizia hemofilia.

aPTT ikiwa ndefu, maabara huchanganya utegili wako (maji ya damu yaliyotengwa na chembe) na wa mtu asiye na ugonjwa, nusu kwa nusu. Muda ukirudi kawaida, kuna fakta imepungua na sasa hupimwa moja moja. Usiporudi, kuna kingamwili inayozuia. Mzee, au mama aliyejifungua karibuni, ambaye hakuwahi kutoka damu maishani na sasa ana mavilio makubwa mwilini, huenda ameota kingamwili dhidi ya fakta 8 yake mwenyewe. Hiyo ni dharura.

Na hili lishike: PT na aPTT zikitoka safi, hazikuondolei ugonjwa wa von Willebrand, wala kasoro ya utendaji wa chembe sahani, wala upungufu wa fakta 13. Ugonjwa wa von Willebrand, uliopewa jina la daktari wa Finland aliyeueleza mwaka 1926, una vipimo vyake, na protini yake hupanda ukiwa na homa, mimba, hofu, au ukitumia vidonge vya majira. Hurudiwa mara mbili au tatu. Ukiambiwa urudie, si kwamba wanakula hela yako.

Upande wa kuganda, utrasaundi ya Dopla ya mguu ndiyo inayoamua, na CT ya mishipa ya mapafu kama kifua kimebana. Kipimo cha D-dimer (mabaki ya bonge linalomeng'enywa) kina kazi pale daktari anapodhani bonge halipo na anataka kulifuta. Baada ya upasuaji au kujifungua huwa juu kwa kila mtu. Vipimo vya kurithi vya protini C, protini S na antithrombini (breki za mwili za kuganda) visifanywe bonge likiwa bichi, wala ukiwa unatumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda), wala ukiwa mjamzito: vitatoka vibaya tu. Na ule wa fakta 5 Leiden, hitilafu ya kurithi inayogandisha damu, unaotokea kwenye orodha za bei kubwa, acha. Hitilafu hiyo ni ya watu wenye asili ya Ulaya, na kwa Waafrika ni nadra mno.

Hatua ya 5: Matibabu ya damu isiyokata

*Hemofilia.* Upungufu wa fakta 8 ni hemofilia A, wa fakta 9 ni B. Chini ya asilimia 1 ni kali, 1 hadi 5 ya wastani, juu ya hapo hadi 40 ni nyepesi. Hii nyepesi ndiyo inayofichuka ukubwani, siku ya jino au ya upasuaji. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 nchini. Kwa makadirio ya kawaida ya mtu 1 katika kila 10,000, tungetegemea wagonjwa 6,000 hivi. Waliogunduliwa hawakaribii hapo.

Matibabu ni kurudisha fakta iliyopungua, na hesabu yake ujue mwenyewe. Kila uniti 1 ya fakta 8 kwa kilo ya uzito hupandisha kiwango kwa asilimia 2. Mwanaume wa kilo 60 mwenye hemofilia A kali, goti limejaa damu, anatakiwa afike asilimia 50: 60 mara 50, gawa kwa 2, ni uniti 1,500, yaani chupa 3 za 500. Akigongwa kichwa, analengwa 100, chupa 6, na zinachomwa kabla ya CT, si baada. Fakta 9 hupanda asilimia 1 tu kwa uniti, kwa hiyo hesabu hubadilika. Chupa za fakta huwekwa kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, zisiwe barafu.

Kiungo hakisubiri kivimbe. Wenye ugonjwa wenyewe wanaujua ule mtekenyo na joto la mwanzo. Fakta inayochomwa saa hiyo ni kidogo kuliko itakayohitajika kesho, na goti halilemai. Ukiwa njiani kwenda hospitali, pumzisha kiungo, kiinue, weka barafu iliyofungwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, funga bandeji isiyobana mno.

Fakta nyingi zinazowafikia wagonjwa wa nchi kama yetu ni za msaada kupitia Shirikisho la Hemofilia Duniani, lililoanzishwa 1963. Ndiyo maana kusajiliwa kliniki na kujiunga na chama cha hemofilia hapa nchini kuna maana: kiasi kinachoombwa hutegemea waliomo kwenye rejista. Fakta 8 ikikosekana, kuna kriyo, inayotengenezwa kwa damu iliyochangwa na ina fakta 8, protini ya von Willebrand na faibrinojeni (inayozaa nyuzi za faibrini). Haina fakta 9, hivyo mwenye hemofilia B hupewa utegili mbichi uliogandishwa. Uliza pia kuhusu emicizumab, sindano ya chini ya ngozi kwa hemofilia A, inayozuia damu kabla haijatoka. Huchomwa kila wiki, kila baada ya wiki mbili au nne. Na kama fakta uliyozoea imeanza kutofanya kazi, sema haraka: huenda umeota kingamwili.

Mwenye hemofilia hachomwi sindano ya tako. Sema hivyo hata ukiwa unatetemeka kwa homa.

*Von Willebrand na hedhi nzito.* Asidi ya traneksamiki ndiyo dawa ninayotamani ijulikane zaidi. Ni vidonge, bei yake si ya kutisha, na hutumika siku zile nzito tu. Dozi ya kawaida ni gramu 1 mara tatu kwa siku, daktari akishakubali. Isitumike kwa aliyewahi kugandisha damu, wala kwa mkojo wenye damu itokayo figoni, kwa sababu bonge huweza kuziba mrija. Kuna desmopressini (dawa inayopandisha protini ya von Willebrand) kwa wenye ugonjwa mwepesi, kitanzi chenye homoni, au vidonge vya majira. Madini chuma huendelea miezi mitatu hivi hata baada ya damu kufika kiwango, ili akiba ijae.

*Chembe sahani kushambuliwa na kinga ya mwili.* Si kila mtu hutibiwa. Mtu mzima mwenye 30 au zaidi na hatoki damu mara nyingi hufuatiliwa tu. Chini ya hapo huanzishwa prednisolone au deksamethasoni, baada ya VVU na homa ya ini kupimwa. Prednisolone hupandisha sukari na presha, na haikusudiwi kuwa ya miezi na miezi. Ukimaliza wiki 6 bado uko kwenye dozi kubwa, uliza mpango wa pili ni upi. Usiikatishe ghafla mwenyewe.

Hatua ya 6: Matibabu ya damu iliyoganda

Dawa za kuzuia damu kuganda hazilivunji bonge. Zinalizuia lisikue wala kuzaa lingine, wakati mwili wenyewe unalimeng'enya. Ndiyo maana mguu hauponi siku ya pili, na ndiyo maana dawa haikatizwi uvimbe ukipungua. Bonge lililotokana na sababu inayopita, mfano upasuaji, hutibiwa miezi 3. Lisilo na sababu, au la mwenye saratani, huenda mbali zaidi.

Njia ya zamani ni sindano za enoxaparin pamoja na warfarin, kwa siku 5 angalau na mpaka INR ifike 2; kisha sindano huachwa na INR hushikiliwa kati ya 2 na 3. Ndiyo, warfarin ilianza kama sumu ya panya, miaka ya 1940 huko Marekani, na bado ni dawa nzuri kwa anayepimwa. Soma miligramu kwenye karatasi ya dawa, usiangalie rangi ya kidonge. Rangi hubadilika kiwanda kikibadilika. Inywe jioni saa ile ile. Ukisahau, usinywe mara mbili kesho yake.

Mchicha, matembele na kisamvu vina vitamini K inayopingana na warfarin. Wengi huambiwa waache. Mimi naona ni ushauri mbaya: mtu wa Dar ataacha mboga za majani wiki mbili, kisha ataenda kwa bibi Kisarawe na kula kisamvu siku tatu mfululizo, na INR itayumba. Kula kwa kiasi kile kile kila wiki, dozi ipangwe kufuata chakula chako.

Dawa zinazoyumbisha warfarin ni zile zile za kila siku. Metronidazole, kotrimoksazoli, fluconazole na ciprofloxacin hupandisha INR; ukipewa mojawapo, pima ndani ya siku 3 hadi 5. Rifampicin ya kifua kikuu huishusha vibaya sana, na hatari kubwa huja mwishoni: dozi ilipandishwa wakati wa TB, dawa za TB zikaisha, hakuna aliyekumbuka kuishusha. Waambie kliniki zote mbili tarehe ya kuanza na ya kumaliza.

Rivaroxaban na apixaban, vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda, hazihitaji INR. Rivaroxaban huanza miligramu 15 mara mbili kwa siku 21, kisha 20 mara moja, pamoja na chakula. Apixaban 10 mara mbili kwa siku 7, kisha 5 mara mbili. Hazifai kwa mwenye valvu bandia ya chuma, mjamzito, anayenyonyesha, wala anayemeza rifampicin. Na bei: hesabu kama utaweza kununua miezi yote mitatu. Dawa hizi huisha mwilini ndani ya siku moja hivi, hivyo anayeruka siku mbili kwa kukosa hela yuko wazi kabisa. Heri warfarin ya uhakika kuliko rivaroxaban ya kubahatisha, na bingwa atakusikiliza ukimwambia ukweli wa mfuko wako.

Hatua ya 7: Siku zisizo za kawaida

*Upasuaji na meno.* Mwambie bingwa kabla ya kupanga tarehe. Mwenye upungufu wa fakta huchomwa kabla ya kisu na siku kadhaa baadaye. Kwa jino, asidi ya traneksamiki ya kusukutua na kumeza husaidia sana. Anayetumia warfarin kwa kawaida huiacha siku 5 kabla ya upasuaji mkubwa, ila kwa jino moja mara nyingi haiachwi. Mwenye valvu asiiache kwa ushauri wa mtu wa dirishani.

*Mimba.* Warfarin hudhuru mtoto, hasa wiki ya 6 hadi ya 12. Ukichelewa hedhi siku chache tu, pima mimba na uwaone kliniki. Utahamishiwa kwenye enoxaparin. Aliye na von Willebrand, protini yake hupanda wakati wa mimba kisha hushuka baada ya kujifungua, kwa hiyo damu nyingi inaweza kuja wiki ya pili au ya tatu, mkiwa mmesharudi nyumbani.

*Ramadhani.* Warfarin ya jioni haina shida. Rivaroxaban ya mara moja huendana na futari kwa kuwa inataka chakula. Apixaban huangukia futari na daku, na huku kwetu nafasi ya mchana haizidi sana saa 13, hivyo mara nyingi hupangika. Aliye kwenye wiki za mwanzo za bonge azungumze na daktari mwezi wa Shaabani, asisubiri mwezi uandame.

*Safari.* Basi la Mwanza linaloondoka stendi ya Magufuli alfajiri hukuweka kitini kutwa nzima. Shuka kila kituo cha chakula, chezesha vifundo vya miguu, kunywa maji hata kama unaogopa kukosa choo. Mwenye hemofilia abebe fakta kwenye kipozeo pamoja na kadi inayotaja aina ya ugonjwa, kiwango chake, uzito na namba ya kliniki.

Hatua ya 8: Walete ndugu

Baba mwenye hemofilia huwarithisha mabinti wote hali ya kubeba (wanaweza kuupitisha ugonjwa kwa watoto wao), na watoto wake wa kiume hawaipati kwake. Mabinti hao hawabebi kwa niaba ya wengine tu. Baadhi yao fakta imeshuka kiasi cha kuwapa hedhi nzito na kuwatoa damu nyingi wakijifungua. Wapimwe fakta kabla ya kuolewa au kufanyiwa upasuaji wowote. Anayebeba akijifungua, mkunga na daktari waambiwe mapema wasitumie kifaa cha kumvuta mtoto kichwa. Akiwa wa kiume, damu ya kitovu inatosha kupima fakta 8 siku hiyo hiyo. Fakta 9 huwa chini kwa vichanga wote, kwa hiyo jibu la wasiwasi hurudiwa mtoto akifika miezi 6. Mpaka majibu yatoke, tohara isubiri, na sindano ya vitamini K ichomwe kwa sindano nyembamba kisha mahali hapo pabanwe dakika 5.